Mdagu: Kichaka cha Jangwani katika Bustani ya Goba

Mtu apitaye kandokando ya barabara kuu za Dar es Salaam, pale wauza miche wapangapo viriba na vyungu vyao, hakosi kuona mmea mfupi wenye shina lililovimba kama chupa, matawi machache, na maua ya rangi ya waridi yenye weupe katikati. Wauzaji huuita waridi la jangwani, ingawa hauna udugu wowote na waridi. Mnunuzi akiuliza namna ya kuutunza hujibiwa kwa maneno machache: mmea huu haudai maji. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Na ile nusu isiyotajwa ndiyo inayoua mimea mingi iliyonunuliwa kwa fedha nyingi.

Goba ni kata ya vilima na mabonde pembezoni mwa jiji, ambayo ilikuwa sehemu ya Kinondoni hadi ilipoundwa Wilaya ya Ubungo. Kwa miaka mingi wakazi wake walinunua maji kwa madumu na maboza, na hata baada ya mabomba kufika, mwenye bustani hana budi kufikiri kabla ya kumwaga ndoo. Mwezi wa Oktoba 2022, kina cha Mto Ruvu kilipopungua, jiji liliingia katika mgawo wa maji. Si ajabu, basi, kwamba mmea usiodai maji ulimvutia mwandishi wa makala haya, naye akapanda miche mitatu katika kiwanja kimoja huko. Miche hiyo ilipita miezi ya Juni hadi Septemba ikinyweshwa mara chache sana, wala haikuonyesha dalili ya kudhoofika. Ilipofika mwisho wa Aprili mwaka uliofuata, katikati ya masika, miwili ilikuwa imeoza. Shina likibonyezwa kwa kidole liliingia ndani kama papai lililopitiliza kuiva. Mche wa tatu ulipona kwa sababu ulikuwa umesahauliwa chini ya upenu, ndani ya kopo lililotoboka.

Kwa nini mmea wa jangwani ufe kwa maji, tena mahali pale pale ambapo mahindi ya jirani yanastawi? Kulijibu swali hili kunahitaji tuutazame mmea wenyewe, kisha udongo, na mwisho hesabu ndogo ya mvua.

Jina na asili yake

Jina la kitaalamu la mmea huu ni Adenium obesum. Neno la kwanza linatokana na Aden, bandari ya Yemen. La pili ni la Kilatini, maana yake "nono". Aliyeueleza kwanza kwa njia ya sayansi ni Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, aliyeondoka mwaka 1761 pamoja na msafara uliotumwa Arabuni na mfalme wa Denmark. Forsskål alifariki huko Yemen kwa malaria mwaka 1763, akiwa na umri wa miaka 31. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775 na Carsten Niebuhr, mtu pekee wa msafara ule aliyerejea akiwa hai. Forsskål aliuweka mmea huu katika jenasi moja na oleanda. Mwaka 1819 wataalamu Roemer na Schultes wakautenga na kuupa jenasi yake. Hata hivyo mimea hii miwili imebaki katika familia moja, Apocynaceae, na tutaona baadaye kwamba udugu huo si wa jina tu.

Jina la Aden lisitufanye tudhani kwamba huu ni mgeni aliyeletwa kwa meli. Huota porini kuanzia Senegal hadi Somalia, Kenya na Tanzania, ukavuka bahari hadi Yemen na Dhofar ya Oman. Hapa kwetu unapatikana katika vichaka vikavu, kama vile vya Mkomazi na vile vilivyo karibu na Ziwa Eyasi. Vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki vimeuandika kwa jina la Kiswahili mdagu, na jina hilo ndilo tutakalotumia. Mahindi na muhogo, ambavyo kila mtu huviona kuwa vya kwetu, asili yake ni Amerika. Mdagu ni mwenyeji kuliko vyote viwili.

Ghala la maji

Sehemu ya chini ya shina la mdagu, pamoja na mzizi mkuu, imejaa seli kubwa zenye kuta nyembamba na maji mengi ndani yake. Hili ni ghala. Lakini kwa nini ghala liwe nene na la mviringo, badala ya kuwa pana na jembamba kama jani? Hesabu rahisi itatuonyesha.

Tuchukue shina lililovimba kama tufe lenye nusu kipenyo cha sentimita 5. Ujazo wake ni takriban sentimita za ujazo 524, na eneo la uso wake ni takriban sentimita za mraba 314. Kwa hiyo kila sentimita moja ya ujazo ina uso wa sentimita za mraba 0.6 tu. Sasa tuchukue jani lenye unene wa milimita 0.5. Kipande chake cha sentimita moja ya mraba kina ujazo wa sentimita za ujazo 0.05, nacho kina nyuso mbili, juu na chini, yaani sentimita za mraba 2. Kila sentimita ya ujazo ya jani, basi, ina uso wa sentimita za mraba 40. Kwa kuwa maji hupotea kupitia usoni, kiasi kile kile cha maji kikiwekwa ndani ya jani hukabiliwa na hewa mara 60 na zaidi kuliko kikiwekwa ndani ya tufe. Na hapo hatujataja kwamba uso wa jani una stomata, ilhali tufe limefunikwa kwa gome.

Mmea wenye ghala kama hili bado una tatizo moja, nalo ni majani. Mkonge, ambao kila Mtanzania anaujua, umelitatua tatizo hilo kwa kuyatunza majani yake: yana nta nene, na stomata zake hufunguka usiku wakati hewa ni baridi, zikafungwa mchana. Mdagu umefuata njia nyingine. Ukame unapozidi, huyaangusha majani yake na kungoja. Chini ya gome jembamba la matawi mna tabaka la kijani. Ukilikwaruza kidogo kwa ukucha utaliona, nalo ni ushahidi kwamba mmea ungali hai. Mkonge hukabiliana na kiangazi, mdagu hukikwepa.

Hapa ndipo kosa la kwanza la mtunza bustani linapotokea. Akiona majani yamepukutika hudhani mmea una kiu, naye huleta ndoo. Lakini mmea usio na majani hauna mvuto wa kuyapandisha maji kutoka ardhini, kwa maana mvuto huo hutokana na mvuke unaotoka majani yakiwepo. Maji yaliyomwagwa hubaki pale pale mizizini. Mdagu usio na majani unyweshwe kidogo kabisa, au usinyweshwe.

Kwa nini masika huua

Mizizi haihitaji maji peke yake. Inahitaji pia oksijeni, kwani seli zake hupumua kama seli nyingine zote zilizo hai. Katika udongo mzuri kuna matundu madogo yaliyojaa hewa. Mvua ikinyesha kwa wingi maji huyajaza matundu hayo, na oksijeni hupenya ndani ya maji kwa mwendo ambao ni polepole mara 10,000 hivi kuliko inavyopenya hewani. Kama maji yanapita upesi, hewa hurudi na hakuna madhara. Kama yanatuama siku kadhaa, seli za mizizi hukosa nguvu, kuta zake hudhoofika, na vijidudu vya udongo vilivyokuwa vikingoja, kama vile jamii za Pythium na Phytophthora, huingia. Katika mmea wa kawaida hufa vijizizi vyembamba, na mmea huota vingine. Katika mdagu uozo hulikuta ghala zima la tishu laini yenye maji, ukapanda juu kabla mwenye bustani hajang'amua lolote.

Sasa tutazame mvua. Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,100 kwa mwaka, na mwezi wa Aprili pekee hupata kwa wastani zaidi ya milimita 200. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo katika mwezi huo kila mita ya mraba ya bustani hupokea zaidi ya lita 200, yaani madumu kumi ya lita ishirini. Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeumwagia mdagu madumu kumi. Lakini anayeupanda bondeni na kuuacha hapo amekubali umwagiwe.

Mahindi ya jirani yalistawi kwa sababu yana majani mapana yanayovuta maji mchana kutwa, nayo hupandwa kwa shabaha ya kuyatumia maji hayo na kukomaa mapema. Mdagu haufanyi haraka.

Msomaji anayeishi Goba achimbe shimo la kina cha sentimita 40 katika kiwanja chake, amwage ndani yake ndoo moja ya maji, na kutazama. Mahali pengi kwenye vilima vile atakuta mchanga juu na udongo mzito zaidi chini. Maji yakiisha katika muda wa saa moja au mbili, mdagu unaweza kupandwa ardhini, juu ya tuta lililoinuliwa sentimita 30 hivi, upande wa juu wa mteremko. Yakikaa hadi kesho yake, atumie chungu.

Jaribio la chupa mbili

Jaribio hili linafaa kwa vidato vya kwanza na vya pili, na halidai vifaa vya maabara. Chukua chupa mbili za maji za plastiki za lita moja na nusu. Kata vitako vyake, zifunge midomo kwa kitambaa chepesi, kisha zisimamishe kichwa chini juu ya makopo mawili. Katika chupa ya kwanza tia sentimita za ujazo 500 za udongo mkavu wa shambani. Katika ya pili tia kiasi hicho hicho cha mchanganyiko huu: mafungu mawili ya mchanga wenye chembe kubwa, fungu moja la kokoto ndogo au matofali ya kuchoma yaliyopondwa, na fungu moja la mboji iliyooza vizuri. Usishindilie moja kuliko nyingine, la sivyo jaribio halitakuwa la haki.

Mimina sentimita za ujazo 250 za maji katika kila chupa kwa wakati mmoja. Andika muda uliopita kabla ya tone la kwanza kudondoka. Baada ya dakika 30 pima maji yaliyomo kopo kwa kopo. Tuseme chupa mojawapo imetoa sentimita za ujazo 90: basi udongo wake umeshika 160, ambazo ni asilimia 32 ya ujazo wa udongo. Linganisha na nyingine. Kisha zipime chupa zote mbili kwa mizani kila siku saa ile ile kwa muda wa wiki moja, na chora grafu ya uzito dhidi ya siku. Grafu hiyo itaeleza, kuliko maneno ya mwalimu, mizizi ya mdagu ingekaa siku ngapi ndani ya unyevu.

Angalizo kuhusu mchanga. Wako wanaokwenda kuuchukua ufukweni kwa kuwa ni wa bure. Mchanga huo una chumvi, nayo huyazuia maji yasiingie katika mizizi kwa njia ya osmosisi. Mimea itanyauka ndani ya udongo uliolowa. Wala usiuchimbe katika mikondo ya maji ya mabonde ya Goba, ambayo tayari inamomonyoka hadi kwenye misingi ya nyumba za watu. Ndoo moja kutoka kwa wauzaji wa vifaa vya ujenzi hutosha vyungu kadhaa.

Kuotesha na kutunza

Mdagu huoteshwa kwa mbegu au kwa vipandikizi vya matawi. Tofauti kati ya njia hizi ni somo lenyewe. Uvimbe mzuri wa shina huanza katika haipokotili, yaani ile sehemu ya mche iliyo kati ya mzizi na majani ya mbegu. Kipandikizi kilichokatwa tawini hakikutoka katika mbegu yake mwenyewe, hivyo hakina haipokotili. Kitaota mizizi na kutoa maua mapema, lakini kitachukua muda mrefu kunenepa, na pengine kisipate umbo lile kabisa. Anayetaka umbo la chupa aoteshe mbegu.

Mbegu hupatikana ndani ya maganda yaliyokaa mawili mawili kama pembe za mbuzi. Zina manyoya kila upande, na ganda likipasuka huchukuliwa na upepo. Kwa hiyo lifunge kwa uzi kabla halijakauka. Zitawanye juu ya mchanganyiko ule ule wa jaribio, zifunike kwa mchanga mwepesi, na ziweke mahali penye joto na mwanga. Mbegu mpya huota kwa muda wa wiki moja hivi. Mwezi wa Septemba ni mzuri: baridi ya kipupwe imepita, na mche unapata miezi ya kukua kabla ya masika. Mvua za vuli zinapoanza, ingiza vyungu chini ya upenu.

Kipandikizi kikatwe kwa kisu kikali, kiachwe kivulini siku tano hadi saba mpaka jeraha likauke, ndipo kipandwe. Wengi hukosa subira hapa, na jeraha bichi ndilo mlango wa uozo.

Mmea ukishakuwa mkubwa unahitaji jua la muda wa saa sita au zaidi kwa siku, chungu chenye matundu mapana chini, na maji pale tu udongo unapokauka hadi ndani. Chomeka kijiti kikavu. Kikitoka na unyevu, ngoja. Wakati wa masika ondoa sahani chini ya chungu. Mara kwa mara utaona kiwavi mkubwa wa kijani akila majani. Huyo ni mtoto wa nondo wa oleanda, Daphnis nerii, ambaye sumu ya mmea huu haimdhuru. Mwondoe kwa kijiti, hahitaji dawa.

Wala mtu asiing'oe midagu ya porini ili kuileta mjini. Katika hifadhi za taifa jambo hilo limekatazwa, na shina nene la porini limechukua miaka mingi kufikia hapo. Mbegu za mmea mmoja wa bustani zinatosha mtaa mzima.

Utomvu

Nimeliweka jambo hili mwisho, lakini katika nyumba yenye watoto lisomwe kwanza. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi huuchemsha utomvu wa mdagu hadi uwe mzito, na kuupaka kwenye mishale yao ya kuwindia wanyama wakubwa. Sumu iliyomo ni ya jamii ya glikosaidi za moyo, kama ile ya oleanda. Kila seli ya mwili ina vijipampu vinavyotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu. Jens Christian Skou wa Denmark alivigundua mwaka 1957 na kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997. Glikosaidi hizi huvizuia vijipampu hivyo. Misuli ya moyo hupoteza mpangilio wake wa mapigo, na kwa kiasi kikubwa cha kutosha moyo husimama.

Kwa hiyo upogoaji ufanywe na mtu mzima aliyevaa glavu, asiyejigusa macho wala mdomo. Utomvu ukimwangukia mtu, uoshwe kwa maji mengi na sabuni. Matawi yaliyokatwa yafukiwe: yasitupwe kwa mbuzi, yasitiwe jikoni kuwa kuni. Mtoto akitafuna sehemu yoyote ya mmea apelekwe hospitali mara moja, pamoja na tawi la mmea ili mganga alitambue, asilazimishwe kutapika. Shuleni wanafunzi waupime uzito mmea mzima ukiwa ndani ya chungu, wala wasikate vipande vyake.

Nyumba yenye mtoto mdogo atiaye kila kitu mdomoni ingoje miaka michache kabla ya kuupanda, au iuweke juu ya ukuta asikofika.

Maswali ya zoezi

1. Paa la nyumba lina eneo la mita za mraba 80, na maji yake yote hutiririkia kona moja ya bustani. Ikinyesha mvua ya milimita 30, kona hiyo itapokea lita ngapi? Je, mdagu ungewekwa hapo?

2. Shina lililovimba lina nusu kipenyo cha sentimita 10 badala ya 5. Kokotoa uwiano wa uso kwa ujazo. Uwiano huo unatuambia nini juu ya mmea mkubwa ukilinganishwa na mche mdogo wakati wa kiangazi?

3. Midagu miwili imepoteza majani yote, mmoja mwezi wa Julai na mwingine mwishoni mwa Aprili. Eleza uchunguzi utakaoufanya kwenye kila mmoja, bila kuung'oa, ili kujua kama umepumzika au umeoza.

4. Kwa nini mkonge na mdagu, yote miwili mimea ya mahali pakavu, haitendi jambo moja majani yanapokabiliwa na ukame?